Doa jekundu lisilopona: hali adimu ya ngozi ambayo mwanamume hapaswi kuificha

Wakazi wengi wameshasikia kuhusu saratani ya tezi dume, na wanaume wanaojitokeza kupimwa tezi hiyo kwenye kambi za matibabu si wachache tena. Saratani ya uume haizungumzwi. Sababu moja ni kwamba ni nadra. Mwaka wa 2020 ilikadiriwa kuwa wagonjwa wapya walikuwa takriban 36,000 duniani kote, idadi ndogo sana ukiilinganisha na ya saratani ya matiti, mlango wa kizazi au tezi dume yenyewe. Sababu ya pili kila mtu anaijua, nayo ni aibu.

Makala haya yanahusu hali ya ngozi inayotangulia saratani hiyo. Kitaalamu inaitwa erithroplasia ya Queyrat. Jina ni gumu na hakuna haja ya kulikariri. La kukumbuka ni sura yake: doa jekundu kwenye kichwa cha uume au upande wa ndani wa govi, aghalabu lisilouma, ambalo wiki zinapita, dawa zinabadilishwa, nalo bado lipo. Likigunduliwa mapema, hutibiwa kwa dawa ya kupaka au kwa upasuaji mdogo, na mwanamume akabaki na kiungo chake. Likiachwa, kwa baadhi ya wanaume hugeuka kuwa saratani inayopenya ndani, na hapo daktari huenda akalazimika kukata sehemu ya uume au uume wote. Mara nyingi kinachotenganisha wagonjwa hawa wawili ni miezi au miaka ambayo mmoja wao alikaa kimya.

Linavyoonekana

Wanaolieleza doa hili vitabuni hulifananisha na kitambaa cha mahameli. Ni laini, jekundu, linang'aa kana kwamba limepakwa mafuta, na mpaka wake unaonekana wazi: hapa ngozi ya kawaida, pale doa. Linaweza kuwa moja au kadhaa. Halijainuka sana, ukipitisha kidole huenda usihisi chochote. Kwa mwenye ngozi nyeusi rangi inaweza kuwa ya waridi iliyokolea au hudhurungi yenye wekundu, kwa hiyo kipimo kizuri ni kulinganisha na ngozi yako mwenyewe iliyo kando ya doa, wala si picha za mtandaoni ambazo nyingi ni za watu weupe.

Wapo wanaohisi mwasho au kuungua kidogo. Wengine huona doa likitoa majimaji, likiota magamba au likivuja damu kidogo baada ya tendo la ndoa. Wengine wanaligundua kwa sababu govi limeanza kugoma kurudi nyuma kama zamani. Na wapo wengi ambao hawahisi lolote. Hilo la mwisho ndilo linalowafanya watu wazembee, kwa kuwa tumezoea kuupima uzito wa ugonjwa kwa maumivu yake. Jino likiuma tutaamka saa tisa usiku kutafuta dawa. Doa lisilouma linaweza kukaa hadi mavuno yajayo.

Hali hii huwapata zaidi wanaume waliovuka miaka 50, lakini vijana wa miaka ya 20 na 30 pia hawako nje ya hatari. Karibu wote wanaougua ni wanaume ambao hawakutahiriwa. Tutarudi kwenye jambo hilo la tohara, kwa sababu hapa kwetu linaeleweka nusunusu.

Zipo dalili zinazoonyesha kwamba mambo huenda yameshavuka hatua hii ya awali. Doa limekuwa kidonda kisichofunga. Kumeota kinyama au uvimbe mgumu kama sugu. Kuna usaha wenye harufu mbaya chini ya govi. Mitoki imevimba kwenye kinena. Mwenye dalili hizi asisubiri wiki nyingine hata moja.

Tabaka moja la ngozi

Ili kuelewa kwa nini kuwahi kuna maana kubwa hivyo, inafaa kujua jinsi ngozi ilivyojengwa. Juu kabisa kuna tabaka jembamba la seli zinazozaliwa, kupanda juu, kuzeeka na kubambuka. Chini yake kuna utando, na chini ya utando huo ndiko iliko nyama yenye mishipa ya damu na mirija ya limfu. Tabaka la juu halina mishipa ya damu. Ndiyo sababu mkwaruzo mdogo wa juu juu hautoi damu.

Katika erithroplasia, seli za tabaka hilo la juu tayari zimeharibika. Ukiziangalia kwa hadubini zina sura ya seli za saratani: zimevurugika, viini vyake ni vikubwa, zinagawanyika ovyo. Lakini bado zimo ndani ya tabaka lao. Hazijauvuka utando. Kwa kuwa hazijafika kwenye damu wala limfu, haziwezi kusafiri kwenda kwenye kinena, mapafu au ini. Madaktari huita hatua hii saratani iliyo mahali pake, na wengine husema hali ya kabla ya saratani. Majina yote mawili yanaelezea kitu kimoja, kwa hiyo mgonjwa akisikia daktari mmoja akisema hivi na mwingine vile asidhani wanapingana.

Seli zikiuvuka utando, hesabu inabadilika. Makadirio yanayotajwa na wataalamu ni kwamba kati ya mtu 1 katika kila 10 na mtu 1 katika kila 3 wenye hali hii wasipotibiwa hupata saratani inayopenya. Hakuna anayeweza kumtazama mgonjwa usoni na kumwambia yeye yuko upande gani wa hesabu hiyo. Ndiyo maana hakuna daktari mwangalifu anayesema "tuache tuone".

Si ugonjwa mpya wala haukuletwa na vyakula vya siku hizi, dai ambalo husikika kila saratani inapotajwa. Madaktari wa Ufaransa waliueleza mwishoni mwa karne ya 19, na mwaka wa 1911 daktari wa ngozi wa Paris, Louis Queyrat, akaupa jina erithroplasia, yaani ngozi iliyojiumba kwa wekundu. Mwaka uliofuata, 1912, daktari wa Boston nchini Marekani, John Bowen, alieleza hali ya namna hiyo hiyo kwenye ngozi ya sehemu nyingine za mwili. Hiyo ndiyo inayoitwa ugonjwa wa Bowen, na inaweza pia kutokea kwenye shina la uume. Kwa hadubini hali hizi mbili hufanana sana.

Kemisti si maabara

Doa jekundu kwenye uume lina sababu nyingi, na nyingi kati yake hazina hatari. Fangasi huleta wekundu, mwasho na utando mweupe, hasa kwa wenye kisukari. Wakati mwingine doa kama hilo ndilo linalomjulisha mtu kwamba sukari yake imepanda. Soriasisi inaweza kuonekana hapo hata kama viwiko na magoti ni safi. Kuna uvimbe wa ngozi ulioelezwa mwaka wa 1952 na daktari Mholanzi aitwaye Zoon, ambao unafanana na erithroplasia kiasi cha kuwachanganya hata wazoefu. Kaswende na malengelenge ya sehemu za siri huacha vidonda vinavyoweza kudhaniwa kuwa doa hili.

Kisha kuna madoa ya dawa. Baadhi ya watu wakimeza dawa fulani, hasa zenye salfa, hutokewa na doa la mviringo, jekundu au la zambarau, mara nyingi mahali pale pale kila wanapoimeza, na kichwa cha uume ni mojawapo ya sehemu zinazopendwa na doa hilo. Dawa za salfa bado zinatumika sana nchini. Kwa hivyo muuguzi akikuuliza umemeza nini wiki iliyopita, hakuchunguzi mambo yako ya nyumbani. Anatafuta jibu.

Kwa wingi huo wa sababu, mtu anayesimama mbele ya kaunta ya kemisti na kunong'ona kwamba ana "kitu kinawasha huku chini" anaomba jambo ambalo mwenye kemisti hawezi kulitoa. Atapewa mrija wa dawa ya kupaka. Mara nyingi mrija huo ni mchanganyiko: dawa ya fangasi, ya bakteria na steroidi kwa pamoja. Steroidi hutuliza wekundu na mwasho wa karibu kila kitu, hata wa kitu kisichopaswa kutulizwa. Doa litafifia, mtu atafurahi, atasimamisha dawa, kisha baada ya wiki chache litarudi. Atanunua mrija mwingine. Hivyo ndivyo mwaka unavyopita. Tukumbuke pia kwamba steroidi kali zinazopakwa kwa muda mrefu huipunguza ngozi ikawa nyembamba na rahisi kuchubuka.

Hali mbaya kuliko hiyo ni ile ya kutumia dawa za kuunguza, ziwe za miti shamba au tindikali za kuondoa sugu. Zinaharibu ngozi nzima iliyo karibu na kumfanya hata mtaalamu ashindwe kusoma kilichokuwapo mwanzoni.

Kuna kanuni rahisi ambayo wahudumu wa afya hufuata, na mwananchi naye anaweza kuifuata. Doa au kidonda kwenye uume kikitibiwa ipasavyo na kisipone ndani ya wiki 4 hadi 6, hakihitaji mrija wa tatu wa dawa. Kinahitaji kuchunguzwa upya na, mara nyingi, kuchukuliwa kipimo cha nyama.

Swali la nyumbani

Katika mikutano ya hadhara ninayoihudhuria kwa kazi hii, wanaume huuliza maswali ya presha, sukari na mgongo mbele za watu. Swali la sehemu za siri huja baadaye, kando ya gari la idara, tena huulizwa kwa niaba ya "rafiki yangu". Na karibu kila mara nyuma yake kuna hofu moja, kwamba mke akijua atasema mume ametoka nje.

Jibu la kweli linahitaji uangalifu. Erithroplasia yenyewe si ugonjwa wa zinaa. Mwanamume hawezi kumwambukiza mkewe doa hilo, na halitibiwi kwa sindano za kisonono au kaswende. Hata hivyo, katika wagonjwa wengi hupatikana kirusi cha papiloma ya binadamu, HPV, hasa aina ya 16, na kirusi hicho hupita kutoka ngozi hadi ngozi wakati wa kujamiiana. Ndicho kinachosababisha pia karibu saratani zote za mlango wa kizazi. Mwanasayansi Mjerumani Harald zur Hausen, aliyegundua uhusiano huo wa HPV na saratani ya mlango wa kizazi, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 2008.

Je, hiyo ina maana kwamba kuna aliyetoka nje ya ndoa? Haina. Kuna zaidi ya aina 200 za HPV, na watu wengi walio na maisha ya kimapenzi huambukizwa angalau aina moja wakati fulani. Kwa walio wengi kinga ya mwili hukiondoa kirusi chenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili bila mtu kujua alikuwa nacho. Kwa wachache kinabaki, na kinaweza kukaa kimya miaka mingi kabla ya kuleta mabadiliko ya ngozi. Mwanamume wa miaka 55 mwenye doa leo anaweza kuwa alikipata kabla hajakutana na mke aliye naye. Hakuna kipimo kinachoweza kuonyesha kilikuja lini wala kutoka kwa nani, na anayedai kukijua hicho anabahatisha.

Linalomhusu mke ni jingine. Kwa kuwa wawili hao huenda wameshiriki kirusi kimoja, ni vyema naye aende kupimwa saratani ya mlango wa kizazi kama mwanamke yeyote wa umri wake anavyoshauriwa, iwapo hajafanya hivyo. Hapa ukimya wa mume unaweza kumgharimu mtu mwingine, maana saratani ya mlango wa kizazi ni miongoni mwa saratani zinazoua wanawake wengi zaidi nchini Kenya, na mabadiliko yake ya awali, kama haya ya mwanamume, hutibika yakionekana mapema.

Kenya ilianza kutoa chanjo ya HPV kwa wasichana katika mpango wa kawaida wa chanjo mwezi Oktoba 2019. Chanjo hukinga dhidi ya aina ya 16, na kadiri wasichana wengi wanavyochanjwa ndivyo kirusi kinavyopungua kuzunguka, hata kwa wavulana ambao hawamo katika mpango huo. Mzazi aliye na binti wa miaka 10 hadi 14 aulize kwenye zahanati iliyo karibu. Chanjo haitibu doa ambalo tayari lipo.

Kuna mambo mengine yanayoongeza hatari. Sigara ni moja. Virusi vya Ukimwi ni jingine, kwa kuwa kinga ikishuka mwili hushindwa kuiondoa HPV. Anayeishi na virusi hivyo asiache dawa zake, na amwonyeshe mhudumu wa kliniki doa lolote bila kungoja tarehe yake ya kawaida. Govi lililobana, lisilorudi nyuma, nalo ni hatari, pamoja na ugonjwa wa ngozi uitwao likeni sklerosasi, ambao huleta mabaka meupe na kuifanya ngozi ikakamae.

Tohara na maji

Wakenya wengi wanalihusisha neno tohara na mila, dini, au kampeni ya kuzuia Ukimwi. Kampeni hiyo ina msingi. Utafiti mkubwa uliofanywa Kisumu kwa vijana 2,784, pamoja na mingine ya Uganda na Afrika Kusini, ulionyesha kwamba tohara hupunguza kwa takriban asilimia 60 uwezekano wa mwanamume kuambukizwa virusi vya Ukimwi na mwanamke, na mwaka wa 2008 serikali ikaanzisha mpango wa tohara ya hiari. Uhusiano wa tohara na saratani ya uume ulijulikana zamani zaidi. Tayari katika miaka ya 1960 madaktari waliokuwa wakihesabu saratani Kenya na Uganda walikuwa wameona kwamba jamii zinazotahiri zilikuwa na wagonjwa wachache mno wa saratani hii kuliko zisizotahiri.

Kinga hiyo huwa kubwa zaidi tohara ikifanywa utotoni au katika ujana. Ikifanywa ukubwani husaidia kwa mambo mengine, lakini haifuti miaka iliyopita. Kwa hiyo mwanamume aliyetahiriwa akiwa na miaka 40 asijione amefunga mlango. Na aliyetahiriwa akiwa mtoto, ingawa hatari yake ni ndogo sana, doa lisilopona bado ni doa lisilopona.

Jarida hili halina ugomvi na mila ya mtu. Ambaye hakutahiriwa anaweza kujitunza vizuri kabisa: kila siku anapooga arudishe govi nyuma, aoshe kwa maji safi, akaushe, alirudishe mahali pake. Sabuni kali na dawa za kuua viini hazifai hapo; zinachubua. Kwa mtoto mdogo, govi lisilazimishwe kurudi nyuma, kwani kwa wengi hujiachia lenyewe wanavyokua. Faida kubwa ya uoshaji huu kwa mtu mzima ni kwamba anaiona ngozi yake kila siku. Mtu asiyeangalia hawezi kujua kilichobadilika.

Kipimo na matibabu

Jibu la uhakika hupatikana kwa kuchukua kinyama kidogo cha doa na kukipeleka maabara kwa daktari wa patholojia. Kwanza hupigwa sindano ya ganzi. Sindano yenyewe inauma, tusidanganyane, lakini kwa muda mfupi, na kinachokatwa ni kidogo kuliko punje ya mahindi. Mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyo hiyo na hushauriwa kujizuia na tendo la ndoa hadi kidonda kipone. Kipimo hiki hakipunguzi nguvu za kiume wala "hakiamshi" saratani iliyolala. Dhana hiyo ya pili imewarudisha nyumbani watu wengi waliokuwa tayari wamefika hospitalini, na haina ukweli.

Majibu yakionyesha erithroplasia, njia huchaguliwa kulingana na ukubwa wa doa na mahali lilipo. Mojawapo ni dawa ya kupaka ya fluorourasili, ambayo huua seli zinazogawanyika ovyo. Hutumika kwa wiki kadhaa, na katika muda huo doa huonekana kama linazidi kuharibika: linawaka, linachubuka, linauma. Hiyo ni dawa ikifanya kazi, na mgonjwa aliyeelezwa mapema hatishiki. Asiyeelezwa huiacha wiki ya pili, akarudi kwenye mrija wake wa zamani. Ipo pia imikwimodi, dawa ya kupaka inayoichochea kinga ya mwili ipambane na seli hizo. Dawa hizi mbili hutolewa na daktari na kufuatiliwa naye. Hazinunuliwi kwa kukisia.

Njia nyingine ni kulichoma doa kwa leza, kuligandisha kwa naitrojeni ya kimiminika, au kulikata. Doa likiwa kwenye govi, tohara pekee huweza kuliondoa lote. Hata likiwa kwenye kichwa cha uume, tohara mara nyingi hufanywa pamoja na matibabu mengine ili sehemu hiyo ikae kavu na ionekane wakati wa ukaguzi. Doa likiwa limeenea, wapasuaji wa mfumo wa mkojo wanaweza kubandua tabaka la juu la kichwa cha uume na kupandikiza ngozi nyembamba kutoka pajani. Ni upasuaji wa hospitali kubwa, lakini mwanamume huondoka akiwa na kiungo kinachofanya kazi, cha haja ndogo na cha ndoa.

Baada ya hapo kuna sehemu ambayo wagonjwa huipuuza zaidi. Doa linaweza kurudi, hata baada ya miaka, hivyo ukaguzi wa mara kwa mara haukwepeki. Mwanzoni huwa kila baada ya miezi michache, kisha unapungua. Kati ya ukaguzi mmoja na mwingine mwanamume hujiangalia mwenyewe, na akishapata mwenzi anayemwamini, macho manne huona zaidi ya mawili.

Pa kuanzia

Hakuna haja ya kuanzia Nairobi. Zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe kinatosha kwa hatua ya kwanza: muuguzi au afisa wa kliniki atakuangalia, atapima sukari, kaswende na virusi vya Ukimwi kwa ridhaa yako, na kutibu kinachotibika hapo. Doa likikataa, atakuandikia barua ya rufaa kwenda hospitali ya kaunti ndogo au hospitali ya rufaa ya kaunti, ambako daktari anaweza kuchukua kinyama cha kupima. Wanaohitaji wapasuaji wa fani hiyo au matibabu ya saratani huelekezwa katika hospitali za kitaifa za rufaa, kama Kenyatta jijini Nairobi au Moi mjini Eldoret. Barua ya rufaa ni muhimu. Asiye nayo hupoteza siku nzima akizungushwa.

Huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya hazitozwi mwananchi aliyejisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Ambaye hajajisajili anaweza kufanya hivyo kwa kubonyeza *147# kwenye simu yake, au kumwomba mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chake amsaidie. Kwa hospitali za ngazi ya juu, hakikisha mchango wako wa SHA umelipwa kabla ya kusafiri, kwa sababu kulipia ukiwa tayari kwenye foleni huwa na usumbufu wake.

Kuhusu faragha, sheria iko upande wako. Sheria ya Afya ya 2017 inataka habari za mgonjwa zitunzwe kwa siri, na ile ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaziweka habari za afya katika kundi la habari nyeti. Kwenye meza ya mapokezi hulazimiki kueleza tatizo lako mbele ya foleni. Sema tu kwamba unahitaji kumwona afisa wa kliniki kwa jambo la faragha. Unaweza kuomba uhudumiwe na mwanamume kama yupo zamu. Ukiambiwa hayupo, fikiria mara mbili kabla ya kuondoka. Wauguzi wa kike wa vituo vyetu wameshaona kila kiungo cha binadamu, na hicho chako hakitawashangaza.

Siku ya kwenda, beba kitambulisho na orodha ya dawa zote unazomeza, pamoja na za presha na sukari. Beba pia mirija yote ya dawa uliyopaka, hata iliyokwisha, na pakiti za miti shamba kama zipo. Kama unakumbuka, andika kwenye karatasi mwezi ulioliona doa kwa mara ya kwanza. Na usilipake chochote asubuhi hiyo, ili anayekuangalia alione lilivyo.